Kupima maji yanavyolowesha titania: tone, taa na saa za giza

Kioo chenye utando mwembamba wa oksidi ya titani kikikaa gizani siku kadhaa, tone la maji unaloweka juu yake hujikusanya na kutuna. Kimulike kwa taa ya urujuanimno, kisha weka tone jingine. Safari hii maji hutanda mpaka tone lenyewe hulioni, unaona ung'avu tu wa uso uliolowa. Watafiti wa Japani, Hashimoto na Fujishima wakiwemo, walilitangaza jambo hili mwaka 1997. Kwenye utando wao pembe ya mguso, yaani pembe ambayo ukingo wa tone hufanya na uso lilipokaa, ilianzia digrii 72 ikashuka hadi 0. Leo tunalikuta kwenye vioo vya madirisha vinavyojisafisha, vioo vya pembeni vya magari visivyoshika ukungu na vigae vya kuta za nje.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwalimu au fundi wa maabara anayetaka kulipima mwenyewe kwa simu, pipeti na taa ndogo. Kulifanya tone litande si kazi. Kazi ni kujua limetanda kwa sababu gani, na hapo ndipo vipimo vingi huharibika.

Kwanza elewa mwanga unafanya nini

Titania, yaani oksidi ya titani, ni semikondakta. Katika umbo lake linaloitwa anatasi, elektroni huhitaji nishati ya elektronivolti 3.2 ili kuruka kutoka mahali pake. Katika umbo la rutili huhitaji 3.0. Ukitaka kujua taa yako inafaa, gawa 1240 kwa urefu wa wimbi lake katika nanomita. Taa ya nanomita 365 inatoa 3.4, inatosha. Taa ya nanomita 405 inatoa 3.06, haitoshi kwa anatasi. Hata ile ya 395 inaishia 3.14. Hesabu hii ifanye kabla ya kununua chochote, kwa sababu taa nyingi zinazouzwa kwa jina la urujuanimno ni za 395 au 405: zinawaka zambarau ya kupendeza lakini haziigusi anatasi ipasavyo.

Elektroni ikiruka, huacha nyuma tundu lenye chaji chanya. Vikifika usoni kabla ya kukutana tena na kufutana, kazi mbili huanza.

Kazi ya kwanza ni kuunguza uchafu. Kwa msaada wa oksijeni na maji ya hewani, tundu na elektroni huzaa viini vikali vinavyokatakata mafuta na mivuke ya kikaboni iliyoganda usoni, mpaka ibaki kaboni dayoksaidi na maji. Kazi ya pili ni kuubadilisha uso wenyewe: baadhi ya atomu za oksijeni hung'oka, ioni za titani zilizo karibu hupunguzwa chaji, na molekuli za maji zikitua kwenye nafasi hizo tupu huvunjika na kuacha vikundi vya hidroksili ambavyo maji yanayofuata huvipenda.

Kwa miaka mingi maelezo ya kazi ya pili ndiyo yaliyotawala. Kisha mwaka 2005 yakaja majaribio kwenye fuwele safi ya rutili, ambamo kiasi cha mvuke wa haidrokaboni kilidhibitiwa. Uso ulimulikwa, tone likakaa vilevile kwa muda, halafu likatanda ghafla uchafu ulipopungua kufikia kiwango fulani. Utafiti mwingine wa mwaka 2018 ukaonyesha kwamba asidi ya fomiki na asidi ya asetiki, zilizomo hewani kwa kiasi kidogo mno, huyashinda maji yenyewe katika kung'ang'ania uso wa rutili. Mimi naegemea huko: mwanzoni mwa kipimo, sehemu kubwa ya unachokiona ni usafi. Oksidi safi kwa asili yake hulowa. Titania inayofukuza maji ni titania iliyokwisha kuvaa uchafu wa hewa.

Msimamo huo ndio unaoamua hatua zote zinazofuata. Kama pembe ya mguso ni habari ya uchafu kabla ya kuwa habari ya mwanga, basi huwezi kupima uso ambao huijui historia yake.

Vitu vya kuwa navyo

- vipande vya kioo vyenye utando wa titania, na vipande vitupu vya kioo kilekile
- pipeti ya maabara inayotoa mikrolita 2 hadi 5
- maji yaliyokenekwa, na ethanoli safi ya kusuuzia
- taa ya nanomita 365
- simu yenye kamera nzuri, stendi ya kuishikilia, na rula ya milimita
- visahani vya kioo vyenye vifuniko
- kipande cha polikaboneti angavu, hata lenzi ya miwani ya zamani ya kukinga macho
- miwani ya kuzuia urujuanimno na glovu zisizo na unga

Bomba la sindano la insulini linavutia kwa sababu kila kizio cha bomba la vizio 100 ni mikrolita 10, hivyo nusu kizio ni tone la mikrolita 5. Sikushauri. Mabomba hayo hulainishwa ndani kwa mafuta ya silikoni ili pistoni iteleze, na mafuta hayo husafiri na tone. Silikoni kidogo tu usoni inapandisha pembe, halafu chini ya mwanga titania inaiunguza nusunusu na kuacha silika. Utapata mchoro mzuri wa pembe kushuka, lakini utakuwa umepima silikoni.

Hatua ya 1: Pata uso

Njia nyepesi ni mabaki ya kioo cha dirisha kinachojisafisha, ambacho kimekuwa sokoni tangu 2001. Utando wake ni mwembamba sana, nanomita kumi na kitu, na ni laini, kwa hiyo hesabu zake hazisumbuliwi na mikwaruzo. Ugumu mmoja: upande mmoja tu ndio uliopakwa, na kwa macho pande zote zinafanana. Kiache juani saa chache kila upande, kisha weka tone pande zote mbili. Upande unaolowa zaidi ndio wenyewe. Uwekee alama kwa kukwaruza pembeni, usitumie kalamu ya wino kwa sababu wino hutambaa.

Ukitaka kutengeneza wako, chukua gramu 1 ya unga wa titania wa kifotokatalisti, yaani wa kuchochea kemia kwa mwanga, mathalani ule unaouzwa kwa jina la P25, ambao ni mchanganyiko wa anatasi na rutili wenye chembe za takribani nanomita 21. Uchanganye na mililita 20 za ethanoli, utikise kwa mawimbi ya sauti nusu saa, chovya kioo, kiinue polepole kwa mwendo mmoja, kiache kikauke kikiwa kimesimama. Kisha kipashe kwenye tanuri hadi nyuzi 450 za Selisiasi kwa saa moja, ukipandisha na kushusha joto taratibu. Unga wa rangi za ukutani au wa krimu za jua haufai: chembe zake kwa kawaida zimefunikwa kwa alumina au silika makusudi, ili zisiunguze kitu kilicho karibu. Unapopima unga vaa barakoa. Vumbi lake IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeliweka katika kundi la 2B la vitu vinavyoweza kusababisha saratani.

Kioo cha kawaida kina sodiamu, na kwenye joto la tanuri sodiamu hupanda hadi ndani ya utando na kuudumaza. Kioo cha borosilikati au kwatzi hakina shida hiyo kwa kiasi hicho. Ukiwa na kioo cha kawaida tu, endelea, ila usishangae mwanga ukichukua muda mrefu zaidi.

Hatua ya 2: Safisha, kisha uache uso uzeeke

Hapa watu wengi huharakisha. Utando uliotoka tanurini ni msafi kupita kiasi. Ukiweka tone hapohapo litatanda hata bila taa, na utadhani jaribio halifanyi kazi. Unahitaji uso uliokwisha kuvaa uchafu wake wa kawaida, na uvae kwa namna unayoijua.

Suuza vipande vyote kwa ethanoli, kisha kwa maji yaliyokenekwa, vikaushe kwa kuvisimamisha pembeni. Usifute kwa kitambaa wala karatasi. Viweke kwenye visahani vya kioo vyenye vifuniko, funika visahani kwa foili ili giza liwe giza kweli, na uviache mahali pamoja. Anza kupima kila siku kwa kipande kimoja cha kutolewa kafara. Pembe ikiacha kupanda, vingine viko tayari.

Visahani viwe vya kioo. Makasha ya plastiki laini hutoa mivuke ya vilainishi, na vyombo vya kukaushia vyenye grisi ya silikoni ni balaa tupu. Nimeona vipande pacha, vilivyopashwa pamoja siku moja, vikitofautiana zaidi ya digrii 30 kwa sababu kimoja kilikaa kwenye mfuko wa plastiki.

Asiyetaka kusubiri anaweza kuleta uchafu anaoujua. Kipimo cha kimataifa cha ISO 27448 cha mwaka 2009 hufanya hivyo: uso hupakwa asidi ya oleiki nyembamba, halafu pembe ya maji hufuatiliwa chini ya urujuanimno. Hicho kinapima uwezo wa kujisafisha, na ni kizuri, mradi usiseme umepima uso safi.

Hatua ya 3: Weka tone

Tumia mikrolita 4. Maji yakizidi sana, uzito wake mwenyewe hulibonyeza tone likawa bapa juu. Kwa maji mpaka huo ni kama milimita 2.7, umbali ambao mvutano wa uso na uvutano wa dunia hulingana nguvu. Tone la mikrolita 4 kwenye uso wa kawaida lina kimo cha milimita moja hivi, kwa hiyo liko salama.

Lining'inize tone kwenye ncha ya pipeti, lishushe mpaka ligusane na uso, kisha inua pipeti. Usilidondoshe kutoka juu. Likianguka hutapakaa, kingo zake zikanata mahali zilipofika, na pembe utakayosoma ni ndogo kuliko ya kweli. Piga picha ndani ya sekunde kumi na tano za mwanzo. Tone linapokauka kingo hubaki palepale huku kimo kikishuka, hivyo pembe hupungua yenyewe bila uso kubadilika hata kidogo. Mara nyingi mtu anayepiga picha kwa kusuasua hugundua "athari ya mwanga" hata kwenye kioo kitupu.

Weka matone matatu mpaka matano kwenye kila kipande, sehemu tofauti. Mahali palipowekwa tone pasitumike tena siku hiyo.

Hatua ya 4: Piga picha na ukokotoe

Simu iwe usawa wa kioo, lenzi ikilitazama tone kwa ubavu, na nyuma ya tone kuwe na karatasi nyeupe iliyomulikwa ili tone litoke jeusi lenye kingo kali. Ukiiinamisha kamera kidogo tu, digrii moja au mbili, utaona taswira ya tone ikiakisiwa kwenye kioo. Mahali tone linapokutana na taswira yake ndipo mstari wa chini ulipo. Weka rula kwenye umbali uleule wa tone.

Soma kimo cha tone na upana wa kitako chake. Tanjenti ya nusu ya pembe ni sawa na kimo mara mbili, ukigawa kwa upana. Tuseme kimo ni milimita 1.0 na upana 3.0: mbili gawanya kwa tatu ni 0.667, nusu ya pembe ni digrii 33.7, pembe yenyewe ni digrii 67. Kwa vipimo hivyo ujazo wa tone unatoka mikrolita 4.06, yaani pipeti na picha zinakubaliana. Uhakiki huo ufanye kila mara. Ujazo wa picha ukipishana mbali na wa pipeti, kamera imeinama au rula haiko mahali pake.

Baada ya mwanga kimo hakisomeki tena. Tone lilelile likitanda hadi upana wa milimita 6, kimo chake hakifiki milimita 0.3, na kosa la unene wa kucha kwenye skrini linabadilisha jibu zima. Acha ubavu, piga picha kutoka juu, na upime upana tu. Kwa pembe ndogo, zidisha ujazo wa mikrolita kwa 584, kisha gawanya kwa upana wa milimita uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Mikrolita 4 na upana wa milimita 6 vinatoa karibu digrii 11. Upana wa milimita 8 unatoa chini ya digrii 5, na hapo kwa kawaida tunasema uso umelowa kabisa.

Hatua ya 5: Washa taa

Andaa vipande vinne vyenye umri mmoja wa giza. Cha kwanza ni titania chini ya taa. Cha pili ni titania pembeni yake, kimefunikwa foili. Cha tatu ni kioo kitupu chini ya taa. Cha nne ni titania chini ya taa, lakini juu yake kuna polikaboneti, ambayo hupitisha mwanga unaoonekana na kukata nanomita 365.

Hivi vinne ndivyo vinavyotenganisha ukweli na bahati. Kioo kitupu kikishuka pembe pamoja na titania, taa yako inasafisha kila kitu, jambo la kawaida kwa taa za kuulia vijidudu ambazo mawimbi yake mafupi huunguza uchafu yenyewe na nyingine huzalisha ozoni. Ndiyo maana tunatumia 365. Kipande cha nne kikishuka, tafuta joto, au polikaboneti isiyokata vizuri. Cha pili kikibadilika, hewa ya chumba imebadilika.

Pima kabla ya taa, kisha baada ya dakika 5, 15, 30, 60 na 120. Umbali wa taa uwe uleule. Taa usiitazame, hata kama mwanga wake unaonekana hafifu. Sehemu inayodhuru jicho ndiyo isiyoonekana. Bila taa, jua la mchana linatosha, kwa kuwa lina miliwati chache za urujuanimno kwa kila sentimita ya mraba, ila funika visahani kwa kioo chembamba dhidi ya vumbi, na ukumbuke mawingu yataingia kwenye matokeo yako.

Chora pembe dhidi ya muda, na ulitazame umbo la mstari kabla ya namba ya mwisho. Pembe ikisimama kitambo halafu ikaporomoka, hiyo ni tabia ya uchafu unaoungua hadi kufikia kizingiti. Ikishuka polepole tangu dakika ya kwanza, uchafu ulikuwa mdogo au uso wako una madoa safi na machafu yaliyochanganyika. Mwenye chupa ya naitrojeni ana hila nyingine: afunge kipande ndani ya naitrojeni na akimulike hapo. Kuunguza uchafu kunahitaji oksijeni, hivyo kasi ikidorora sana umepata ushahidi wa upande gani unaotawala.

Kama utando wako ni wa unga, jihadhari na tafsiri. Uso wenye mikwaruzo hukuza ulichonacho. Wenzel aliliandika hili mwaka 1936: kosaini ya pembe unayoiona ni kosaini ya pembe ya uso laini, mara uwiano wa ukwaru, yaani eneo halisi la uso ukigawa kwa eneo ambalo lingekuwapo kama ungekuwa laini. Chukua ukwaru wa 1.6. Uso ambao ukiwa laini ungekuwa na digrii 60 utasoma digrii 37. Ukishuka hadi digrii 50, hesabu inavuka moja na maji yanatanda kabisa. Kwa hiyo badiliko dogo la kemia, digrii kumi tu, linaonekana kwa macho kama muujiza. Usililinganishe na kioo cha dirisha.

Ukwaru huohuo, ukiwa mkubwa wa kutosha kunasa hewa chini ya tone, hufanya kinyume. Vijiti vya nano vya oksidi ya zinki vilivyosimama wima vimeonyesha, tangu 2004, pembe ya zaidi ya digrii 150 gizani na kulowa kabisa baada ya urujuanimno, na kurudi tena gizani. Ni nyuso za kuvutia kuzitazama, lakini kwa anayeanza nashauri titania: oksidi ya zinki huyeyuka kwenye asidi hafifu na huliwa taratibu na mwanga wenyewe ikiwa majini.

Hatua ya 6: Rudisha giza

Zima taa, rudisha vipande kwenye visahani vyake, funika foili. Pima baada ya saa 1, saa 6, siku 1, siku 3 na wiki. Nusu hii ya jaribio wengi huiacha, ilhali ndiyo inayoeleza zaidi. Hewa yenye mivuke mingi huurudisha uso haraka. Ndani ya kisahani safi cha kioo hurudi kwa kuchelewa. Ukichanganya silika kwenye utando, ulowefu hudumu gizani kwa muda mrefu zaidi, na ndiyo sababu mchanganyiko huo hupendwa kwenye vioo vya magari.

Pembeni ya kila namba andika umri wa giza, aina ya chombo, joto na unyevu wa chumba, ujazo wa tone na sekunde kati ya tone na picha. Utando ukizidi kuchelewa kulowa kila unaporudia mzunguko, usiongeze taa kwanza. Suuza kwa ethanoli na maji, uangalie tena. Ukiwa bado mvivu, urudishe tanurini nyuzi 450 kwa saa moja, kisha uanze kuhesabu umri wake wa giza upya kutoka sifuri.